Kocha Aende, Kisha?

Ukitaka kujua kama timu ya Bandari imefungwa, huna haja ya gazeti. Pita soko la Kongowea Jumatatu alfajiri, upande ule malori yanakoshusha nyanya za Taveta na Loitokitok, ukae kwenye benchi la muuza kahawa tungu. Kikombe cha kwanza hakijapoa, hukumu ishasomwa: "Kocha aende!" Hamali wa mkokoteni ndiye huanza, muuza vitunguu huitikia, na mzee mmoja mstaafu, aliyefanya kazi gatini miaka thelathini, huipigia muhuri kwa kugonga bakora chini. Hakuna aliyeuliza mabao yaliingiaje. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa majeruhi. Kocha aende, basi.

Nimelikalia benchi hilo miaka mingi, na sitajitia utakatifu: sauti yangu imo katika kelele hizo. Ila kila nikiwahesabu makocha waliokwenda, nashindwa kuona kilichokuja baada yao. Ndiyo maana leo naleta ubishi, na najua nitaulipia kwa kejeli za wiki nzima.

Rai inayotawala barazani ni nyepesi kukariri: timu ikishindwa kocha ndiye ugonjwa, kumtimua ndiyo dawa. Mimi nasema mara nyingi kumtimua kocha ni kafara. Mbuzi huchinjwa, damu humwagika, watu hutawanyika roho zimetulia, na lililoleta balaa hubaki palepale likisubiri mbuzi mwingine. Tena kila kafara huwa na wanaoifurahia kuliko wengine. Nitawafikia.

Hoja ya kwanza ya wenzangu ni kwamba kocha mpya huja na upepo mpya. Na ushahidi wa macho wanao. Timu hupigwa mechi nne mfululizo, kocha hufungishwa virago, anakuja mwingine. Mechi ya kwanza sare, ya pili ushindi. "Yakhe, si tulisema?"

Simameni nami juu ya daraja la Nyali, maji yakiwa yamekupwa, mtazame ule mkono wa bahari unaoingia Tudor. Matope yako wazi, mikoko imesimama juu ya mizizi yake, vyombo vimelala ubavu. Sasa mleteni mganga achome ubani na kunuia anuiayo. Saa sita zikipita, maji yamejaa. Mgeni asiyeijua bahari atamlipa mganga. Mtoto wa Pwani atacheka, maana anajua maji yalikuwa njiani kurudi.

Makocha hutimuliwa maji yakiwa yamekupwa kabisa. Anayerithi hukuta bahari imeshaanza kugeuka: majeruhi wamepona, ratiba ngumu imekwisha, ile mipira iliyokuwa ikigonga mwamba imeanza kuingia. Yeye huvuna jina. Na miezi minane baadaye, maji yakikupwa tena kama kawaida yake, tunasema huyu naye mganga wa uongo.

Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alifanya jambo tusilolifanya barazani: alihesabu. Alichukua ligi kuu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004, akazitazama klabu zilizomfukuza kocha baada ya kuporomoka. Kisha akatafuta klabu zilizoporomoka vilevile lakini zikamwacha kocha kitini. Zote zilipanda tena, kwa mwendo uleule. Maji yalimjalia aliyemlipa mganga na asiyemlipa.

Wamarekani nao wana mpira wao wa kubeba mikononi, na timu za vyuo vikuu vyao hujaza viwanja vinavyomeza watu laki moja. Huko mayowe ya kutaka kocha aende ni sehemu ya msimu, kama matanga yalivyo sehemu ya msiba. Watafiti watatu, Scott Adler, Michael Berry na David Doherty, waliipitia misimu ya mpira huo wa vyuo tangu 1997 hadi 2010. Kwa timu dhaifu kabisa, kubadilisha kocha hakukuleta tofauti ya maana. Kwa timu za kati, zile za kushinda leo na kufungwa kesho, mambo yalikuwa mabaya zaidi: zilizomtimua kocha zilifanya vibaya kuliko zilizovumilia. Timu za kati, jamani. Hebu nikumbusheni, Bandari huwa wapi kwenye jedwali?

"Hiyo ni Uholanzi na Marekani, bwana. Sisi tuko Mombasa."

Haya, turudi Mombasa. Na hapa nitaanza kwa kuwapa wapinzani wangu karata yao bora, maana mbishi anayeficha karata ya mwenzake ni mwizi. Mwaka 2018 Mganda Paul Nkata aliondoka Bandari, nafasi ikachukuliwa na Bernard Mwalala, aliyewahi kuichezea Yanga. Kilichofuata kila mtu Kongowea anakijua kwa moyo. Januari 2019 Bandari ilikwenda Dar es Salaam kwenye michuano ya SportPesa, ikaifunga Simba 2-1 nyumbani kwao, ikafika fainali. Msimu wa 2018/19 ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia. Mwaka huohuo ikatwaa kombe la Ngao, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, kisha ikaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia. Kocha alibadilishwa, timu ikang'ara. Karata nzuri, siikatai.

Lakini msiishie hapo kusoma. Horoya ya Guinea ilipotufungia mlango wa kuingia makundi, na matokeo ya ligi yakaanza kulegea, benchi letu hili lilimwimbia Mwalala wimbo uleule. Yule aliyeifunga Simba. Msimu wa 2019/20 haujafika mwisho, alikuwa ameshaondoka. Wakafuata Ken Odhiambo, Mnyarwanda André Casa Mbungo, Anthony Kimani, John Baraza. Kila mmoja alipokelewa kwa vigelegele na kuagwa kwa miluzi. Ubingwa wa ligi uko wapi? Timu ya Pwani iliyotwaa ubingwa wa Kenya kwa mara ya mwisho ni Feisal, mwaka 1965. Waliozaliwa mwaka ule leo ni mababu. Kama dawa ingekuwa kubadilisha kocha, Pwani ingekuwa imepona zamani, maana dozi tumekunywa mpaka chupa imekauka.

Tena kumbukeni zile mechi za Afrika za 2019 zilichezwa wapi. Bandari "ilikuwa nyumbani" Kasarani, Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka uwanja wake wa Mbaraki. Mashabiki wa Kongowea, Likoni na Changamwe tulizitazama kwenye televisheni kama tunavyotazama mechi za Uingereza. Uwanja wa Manispaa wa Mombasa, ule tuliokuwa tukiuendea kwa miguu kutoka Mwembe Tayari, ulifungwa ukarabatiwe, ukakaa miaka ukiwa zege na vyuma. Nauliza kwa adabu: ni kocha yupi aliyetakiwa kuumaliza? Odhiambo au Mbungo?

Tupande hadi timu ya taifa, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza tabia hii. Mwaka 2008 Francis Kimanzi aliifikisha Harambee Stars kwenye raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Desemba mwaka huo Kenya ikashika nafasi ya 68 kwenye orodha ya FIFA, juu kuliko ilivyowahi kufika. Shukrani yake ikawa nini? Mwaka 2009 benchi likakaliwa na Mjerumani Antoine Hey. Katika kundi la Tunisia, Nigeria na Msumbiji, Kenya ilishinda mechi moja kati ya sita, ikaburura mkia. Hey aliondoka hata kabla ya mechi ya mwisho. Akaitwa Twahir Muhiddin, kocha wetu mkongwe wa Pwani, aingie Kasarani mbele ya Nigeria. Tulifungwa 3-2, Nigeria ikakata tiketi ya Afrika Kusini. Wale wenzangu wasemao "tatizo ni wageni, tupewe mtu wetu" walitazame hilo vizuri. Mtu wetu aliitwa nyumba imeshashika moto, akakabidhiwa ndoo, kisha akaulizwa mbona paa limeanguka.

Tangu siku ile wamepita Jacob Mulee, Zedekiah Otieno, Kimanzi tena, Henri Michel aliyewahi kuifikisha Ufaransa nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1986, Adel Amrouche, Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Kimanzi kwa mara nyingine, Mulee kwa mara nyingine, Engin Firat, na sasa Benni McCarthy. Vuta pumzi. Katika msururu wote huo, kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kumetokea mara moja tu, kwa fainali za 2019. Na Migné aliyetupeleka Misri, akaifunga Tanzania 3-2 huko, Agosti ya mwaka uleule alikuwa ameshaaga. Kimanzi aliyempokea alikwenda Alexandria akatoka sare ya 1-1 na Misri. Oktoba 2020, naye hayupo.

"Na McCarthy je? Si alipokuja yeye tulimfunga Morocco?"

Ndiyo, Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN iliyochezwa kwetu, Uganda na Tanzania. Kenya iliifunga Kongo ya Kinshasa, ikatoka sare na Angola, ikaifunga Morocco, ikaifunga Zambia, kisha ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Lakini hebu tutazame kilichokuwa kimebadilika. Tulicheza nyumbani, kwenye uwanja uliotengenezwa upya, mbele ya umati. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa ushindi na laki tano kwa sare, na vijana waliozoea kudai marupurupu yao mwaka mzima wakacheza wakijua pesa ipo. Kocha mzuri alikuwa mmoja kati ya mambo mazuri manne au matano yaliyokutana. Septemba 5, siku 26 tu baada ya kuifunga Morocco, kocha huyohuyo akafungwa 3-1 na Gambia palepale Kasarani. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la kahawa. Mnajua nilichokisikia.

Wabishi wakizidiwa hapo, hukimbilia Gor Mahia. Gor, wanasema, hubadilisha makocha kama mashati na bado makombe yanamiminika: Nuttall alitwaa ligi ya 2015 bila kufungwa hata mechi moja, akaondoka, wakaja Kerr, Oktay, Polack, na kila mmoja akatwaa ubingwa. Sawa. Lakini hoja hiyo inawarudia wenyewe. Kama makocha wanne wa tabia nne wote wanatwaa kombe, basi aliyekuwa akilitwaa hakuwa kocha. Ilikuwa ni Gor: wachezaji iliowazoa kutoka kila klabu ya nchi, wafuasi wanaojaza uwanja popote, uzito wa jina. Na pale palipohitaji subira ya miaka, yaani Afrika, Gor bado inasimulia kombe la 1987.

Mimi nitawapa mifano ya waliongoja. Robert Matano alirudi Tusker mwishoni mwa 2018. Msimu wa kwanza hakutwaa ligi. Wa pili hakutwaa. Tusker wakamwacha kazini. Akatwaa 2020/21, akatwaa tena 2021/22. Jirani zetu Waganda walimpa Milutin Sredojević, Micho, timu yao ya taifa mwaka 2013. Alijaribu kufuzu Kombe la Mataifa la 2015, akashindwa. Sisi tungekuwa tumeshampeleka uwanja wa ndege na begi lake. Wao walimwacha amalize alichokianza, na Uganda ikafuzu fainali za 2017, mara ya kwanza tangu 1978.

Sasa hoja ninayoiona ngumu kuliko zote, na ndiyo husemwa na watu wenye akili zao: "Wachezaji ishirini na watano hawafukuziki katikati ya msimu. Kocha mmoja anafukuzika." Kweli tupu. Ila angalia hoja yenyewe inakiri nini. Haisemi kwamba kocha ndiye mwenye kosa, inasema tu kwamba ndiye aliye karibu na mkono. Yule hamali wa mkokoteni anayetangulia kupiga kelele kila Jumatatu anaijua dhuluma hii kuliko mtu yeyote sokoni. Mara ngapi nimemwona akitukanwa na mama aliyefunua kreti lake la nyanya akakuta za chini zimeoza? Kreti lilijazwa shambani, likapangwa na wakala, likasafiri usiku kucha chini ya turubai. Yeye alilisukuma mita mia mbili. Lakini mwenye shamba yuko Loitokitok, wakala hashiki simu, na hamali yuko mbele ya macho ya mama. Basi anakula matusi yeye. Hukasirika, na kwa haki. Kisha anaegesha mkokoteni, anaagiza kahawa, anasema kocha aende.

Anayepanga kreti la timu mara nyingi si kocha. Kuna klabu nyingi hapa nchini ambako kocha huletewa wachezaji kama wageni wa harusi: huyu mtoto wa fulani, yule kaletwa na wakala, huyu wa tatu hatujui kaletwa na nani ila mkataba ameshatia saini. Kuna kocha anayefika Januari kuongoza kikosi kilichosajiliwa Agosti na mwenzake aliyefukuzwa Desemba. Yule mwenzake alitaka mawinga wenye mbio, huyu anataka viungo wa kupiga pasi fupi. Kabla hajasajili hata mmoja wa kwake, naye ashaambiwa aende. Atakayekuja atakuta nusu ya mawinga na nusu ya viungo, na atalaumiwa kwamba timu haina mtindo.

Na kafara hii si ya bure kama tunavyodhani. Amrouche alipotimuliwa Harambee Stars mwaka 2014 mkataba wake haujaisha, alikwenda kudai. Shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100, na deni lilipochelewa FIFA ikatishia kuitoa Kenya kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Williamson naye alikwenda mahakamani akapewa takriban milioni 55. Wamarekani wametupita, tuwape haki yao: chuo kikuu cha Texas A&M kilimwondoa Jimbo Fisher Novemba 2023, kikabaki na deni la zaidi ya dola milioni 75 kwa mtu asiyewafanyia tena kazi. Wao wana visima vya mafuta vya kuwalipia kiburi. Sisi tuna vijana wanaocheza bila viatu kuanzia Kisauni hadi Likoni, na kila milioni ya fidia imetoka miguuni mwao.

Nilisema nitawafikia wanaoifurahia kafara. Ni wakubwa wa mpira. Kiongozi aliyesajili vibaya, aliyechelewesha mishahara miezi mitatu, aliyeahidi basi na halikuja, hakuna sauti tamu masikioni mwake kama yetu tukiimba "kocha aende". Anatoka kwenye ngazi za ofisi uso umekunjamana, anatangaza kwamba "tumesikia kilio cha mashabiki", anamtimua mtu, anapata miezi minane ya utulivu. Ametusikia! Miaka yote tukililia uwanja hakutusikia. Tulipolilia timu ya vijana hakutusikia. Kilio kimoja tu ndicho husikika haraka hivyo, kwa sababu ndicho kisichomgusa yeye. Tunadhani tunamshinikiza kumbe tunampepea.

Na sisi wadogo je? Hapa lazima nijisute, maana najua kafara kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya timu moja ya mtaani hapa Kongowea. Jina naliacha. Tulipoteza mechi tano, zote kwa namna moja: dakika sabini tunaongoza au tuko sare, kisha vijana wanakatika pumzi kama taa za mtaani, tunapigwa mabao mawili. Kamati ikakaa barazani baada ya Isha, ikaamua bila kubishana: kocha hawapi vijana mazoezi ya pumzi. Yule bwana hakuwa akilipwa zaidi ya nauli na soda. Tulimwita, tukamwambia asante maalim, tumeamua kujaribu mtu mwingine. Alinyamaza. Akatukabidhi gunia lenye mipira minne, filimbi, na daftari moja la shule lenye jalada la bluu. Gunia tulilihesabu. Daftari mtu alilitupa kwenye sanduku la jezi.

Kocha mpya alikuja na koni za rangi. Akawakimbiza vijana mchangani mpaka wakatapika. Mechi ya kwanza tukashinda, ya pili tukashinda, tukamnunulia viazi karai na juisi ya ukwaju, tukajipongeza kwa busara zetu. Mechi ya tano tulifungwa mabao manne, na vijana wawili wakatolewa nje wamekazwa na misuli.

Wiki chache baadaye nyumbani tulikuwa na harusi, nikaenda sokoni saa tisa usiku kununua viazi na vitunguu vya pilau kwa bei ya jumla. Lori la kabichi lilikuwa likishushwa. Kijana mmoja akanipita ameinama chini ya gunia, nikasikia sauti ikitoka humo: "Shikamoo, ami." Ilikuwa winga wetu wa kulia.

"Marahaba. We si una mechi leo?"

"Ninayo, ami. Saa kumi nitakuwa uwanjani."

"Umeingia hapa tangu saa ngapi?"

"Saa saba. Lori mbili bado."

Juu ya lori, akirusha magunia, alikuwa beki wetu wa kati. Nilisimama pale na kapu langu la harusi nikajikuta nahesabu: saa saba usiku hadi saa mbili asubuhi, usingizi wa kuiba mchana katika joto la mabati, kisha dakika tisini za jua. Dakika ya sabini. Kumbe tulikuwa tukiishangaa.

Sisemi kocha ni mtume asiyeguswa. Kocha anayeuza nafasi za kikosi aende leo, asingoje jioni. Anayewatukana na kuwadhalilisha vijana aende. Aliyepewa misimu miwili, akasajili anaowataka, akalipwa kwa wakati, akapata uwanja wa mazoezi, na bado timu haijui inacheza nini, huyo aage kwa heshima na tumpigie makofi. Lakini muone ni mambo mangapi yanapaswa kutangulia kabla kelele zetu hazijawa za haki. Tuanze na hayo. Jumatatu tukiambiwa Bandari imefungwa, tuulize kikosi kilisajiliwa na nani. Tuulize mshahara wa mwezi uliopita ulitoka lini. Tuulize vijana wa chini ya miaka ishirini wanafanya mazoezi wapi, na uwanja wa Manispaa una habari gani. Tukipata majibu, na yote yakawa mazuri, basi nami nitagonga bakora pamoja na mzee.

Siku ile ya kabichi, baada ya harusi, nilikwenda kulitafuta lile daftari. Lilikuwa bado ndani ya sanduku la jezi, limelowa jasho na kukauka. Nilitazamia kuona michoro ya mifumo. Nilikuta majina ya vijana wetu wote, mstari kwa mstari, na mbele ya kila jina saa alizofanya kazi usiku wa kuamkia mechi: saa nane hadi saa mbili, saa saba hadi saa tatu, hakulala kabisa. Mbele zaidi kulikuwa na safu ya tatu, amekula au hakula. Chini ya ukurasa, kwa mwandiko uleule wa kalamu ya risasi, aliandika: "Nimeiomba kamati chakula cha mchana siku ya mechi." Mbele yake neno moja: "Bado." Nikafunua ukurasa wa wiki iliyofuata. Ombi lilelile, bado. Wiki ya tatu, bado.

Nilikuwa kwenye kamati hiyo. Ombi lile nilikuwa nimelisikia mara zote tatu.